Betri ya Pikipiki: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Koplo mmoja wa polisi, ambaye ametuomba tusilitaje jina lake wala kituo chake, ametuletea barua yenye swali fupi: ni betri ipi iliyo kubwa kuliko zote iwezayo kuingia katika pikipiki yake ndogo ya injini ya sentimita za ujazo 150? Anaeleza kwamba katika muda wa miezi 14 amekwisha kununua betri tatu. Kila mara fundi alimwambia maneno yale yale, "Afande, betri imekufa," naye akatoa fedha. Pikipiki hiyo humpeleka kazini usiku, na mchana shemeji yake huitumia kubebea abiria. Mapato yake ndiyo yalipayo karo ya watoto wawili. Sasa mama watoto ameanza kumwuliza kama wanaosomeshwa ni watoto au ni betri.

Jibu letu kwa ndugu koplo ni kwamba asinunue betri yoyote kwa sasa, kubwa wala ndogo. Kwanza apime. Na kwa kuwa tunajua hayuko peke yake katika shida hii, tumeonelea safu ya wiki hii yote iwe juu ya jambo hili.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba betri haizalishi umeme. Kazi yake ni kuuhifadhi, kama mtungi uhifadhivyo maji. Umeme wa pikipiki huzalishwa na dinamo, yaani zile koili za waya wa shaba zilizofichwa ndani ya kifuniko cha ubavuni mwa injini, ambazo huzungukwa na sumaku wakati injini inapokimbia. Umeme utokao humo ni wa mkondo geu, haufai kutiwa katika betri jinsi ulivyo. Kwa hiyo hupitishwa katika kisanduku kidogo cha alumini chenye mapezi mapezi ya kupoozea joto, ambacho mafundi hukiita rektifaya. Kisanduku hicho hufanya kazi mbili: huugeuza umeme uwe wa mkondo mnyoofu, na huuzuia usizidi kiasi. Baada ya hapo ndipo umeme hufika katika betri na taa.

Basi, betri ikilala mara kwa mara, kosa laweza kuwa katika dinamo, katika rektifaya, katika waya na maungio yake, katika mizigo tuliyoiongeza sisi wenyewe, au kweli katika betri yenyewe. Askari wa upelelezi akikuta maiti hatosheki kuandika kwamba mtu amekufa, huuliza amekufaje. Fundi asemaye betri imekufa, kisha akakuuzia nyingine bila ya kuchunguza iliyoiua ya kwanza, amelifunga faili kabla ya upelelezi kuanza.

Chombo cha upelelezi huu ni kipimo cha umeme cha namba, ambacho katika maduka mengi ya vipuri huuzwa kwa bei iliyo ndogo sana kuliko ya betri moja. Si lazima kila nyumba iwe na chake. Askari wanne au watano wa kambi moja wanaweza kuchanga na kununua kimoja. Kigeuzwe kwenye volti za mkondo mnyoofu, kwenye alama ya 20. Waya mwekundu uguse ncha chanya ya betri, na mweusi uguse ncha hasi.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha bila ya kuwashwa. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, iliyojaa vema, huonyesha volti 12.6 hadi 12.8. (Risasi tunayoisema hapa ni madini, si ile ya bunduki, ingawa ndani ya ile ya bunduki pia aghalabu yamo madini haya haya.) Ikionyesha 12.4, imebaki robo tatu, 12.2, imebaki nusu. Na ikiwa 12.0 au chini yake, betri imekaribia kuwa tupu. Zile zilizozibwa kabisa, zisizoongezwa maji, huwa juu kidogo, hata kufikia 13.0 zikiwa mpya. Msomaji ataona kwamba tofauti kati ya betri iliyojaa na iliyokwisha haifiki hata volti moja. Ndiyo sababu ule mtindo wa kuwasha taa na kusema "ipo, inawaka" haumwambii mtu lolote. Taa huwaka hata betri ikiwa katika pumzi za mwisho.

Kipimo cha pili huchukuliwa wakati wa kuwasha injini kwa starta. Mtu mmoja abonyeze, mwingine asome. Volti zitashuka, na ndivyo ilivyo, lakini zisishuke chini ya 10 kwa kiasi kikubwa. Betri iliyosoma 12.7 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka hadi 8 mara starta iguswapo, hiyo kweli imeharibika ndani, na hapo fundi ana haki ya kusema imekufa. Kwa pikipiki ya kiki isiyo na starta, washa taa na honi huku injini imezimwa, uone kama volti zinashuka upesi.

Kipimo cha tatu ndicho watu wengi hawakichukui, na ndicho chenye kufumbua fumbo. Injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa kati, soma tena penye ncha za betri. Yapasa kuonekana volti 13.5 hadi 14.5. Zikibaki chini ya 13 hata ukiongeza mafuta, betri hailishwi: angalia dinamo, rektifaya na maungio. Zikipanda kupita 15, rektifaya haizuii tena, nayo betri inachemshwa kama maji ya chai. Dalili zake utaziona hata bila ya kipimo: maji ya betri hupungua upesi, balbu huungua mara kwa mara, na harufu kali hutoka chini ya kiti. Mtu akiweka betri mpya katika pikipiki ya namna hiyo, anaitupa.

Kabla ya kukimbilia rektifaya, hata hivyo, angalia maungio. Barabara zetu za murramu hutikisa kila skrubu, na mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka huingiza maji katika kila kiungo. Ukiona unga mweupe au wa kibuluu katika ncha za betri, huo ni kutu ya asidi, nao huuzuia umeme. Fungua kwanza waya wa hasi, ndipo wa chanya. Koroga kijiko cha magadi ya kuokea mikate katika glasi ya maji, usugue ncha kwa mswaki mkuukuu, uangalie sana tone lisiingie ndani ya betri, kisha suuza, kausha, paka grisi nyembamba. Wakati wa kurudisha, anza na chanya, umalizie na hasi. Utaratibu huu una sababu yake: ukianza na chanya wakati hasi bado imefungwa, na spana ikagusa chuma cha pikipiki, cheche itakayoruka yaweza kumwunguza mtu. Chunguza pia ule waya wa hasi pale ulipofungwa katika fremu. Rangi au kutu chini ya nati hiyo imewahi kuwagharimu watu betri nyingi.

Sasa tuingie katika jambo la mizigo, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalomsumbua koplo wetu. Anasema ameongeza taa mbili za pembeni za wati 20 kila moja. Kanuni ni ile tuliyofundishwa shuleni: wati zikigawanywa kwa volti hutoa ampia. Tuseme dinamo hutoa wati 90 injini ikikimbia vizuri. (Kila pikipiki ina kiasi chake, kilichoandikwa katika kijitabu chake, hiki ni cha mfano tu.) Mwasho wa injini huchukua wati 20 hivi, taa ya mbele 35, ya nyuma 5, na taa ndogo za mbele ya dereva 5. Jumla ni 65. Zinabaki 25 za kulisha betri, na nyumba inakwenda vizuri. Ongeza taa mbili za wati 20: matumizi yamekuwa 105, na pato ni lile lile 90. Upungufu wa wati 15 hutolewa na betri. Gawanya 15 kwa 12, upate ampia moja na robo. Betri ya ampia 5 kwa saa itamalizika kwa saa nne.

Hayo ni katika mwendo mzuri. Katika doria ya polepole, au katika msongamano wa Kampala jioni, dinamo hutoa nusu tu au chini ya hapo. Pato likiwa wati 45 na matumizi 105, upungufu ni wati 60, yaani ampia 5, na betri ile ile itakwisha kwa muda wa saa moja. Asubuhi shemeji huja na kukuta pikipiki imelala. Huipiga kiki, huondoka, hubeba abiria vituo vifupi vifupi, na betri haipati nafasi ya kushiba. Baada ya majuma kadhaa ya kukaa nusu tupu, juu ya bamba za risasi hugandamana chumvi ngumu isiyoyeyuka tena, na hapo betri huwa imekufa kweli.

Je, betri kubwa ingemsaidia? Fikiria bomba la maji litoalo jerikeni moja kwa saa, na familia itumiayo jerikeni mbili. Ukinunua pipa kubwa utachelewesha kiu, hutaiondoa, na siku pipa likikauka itakuchukua muda mrefu zaidi kulijaza. Anayetaka kuboresha umeme wa pikipiki yake hana budi kuanza na matumizi.

Katika hilo, msaada mkubwa umeletwa na taa za LED. Taa ya mbele ya namna hiyo, yenye wati 15, huweza kuangaza kama balbu ya zamani ya wati 35 au kuipita. Taa mbili za pembeni za wati 10 kila moja zafaa kwa doria. Hebu tujumlishe upya: mwasho 20, mbele 15, nyuma 5, mbele ya dereva 5, pembeni 20. Jumla ni 65, sawasawa na pikipiki ilivyotoka dukani, nayo sasa ina taa tatu. Hesabu hii ndiyo tungependa mama watoto aioneshwe.

Lakini si kila taa ya LED inafaa. Zile za bei ya kutupa huandikwa wati ambazo hazipo, tena hutawanya mwanga ovyo na kuwapofusha wajao mbele, jambo lisilompendeza askari yeyote wa usalama barabarani. Halafu, katika pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele hailishwi na betri. Hupata mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye dinamo. Utaijua kwa kuwa haiwaki injini ikiwa imezimwa, na mwanga wake hufifia injini ikituama. LED nyingi hazipendi mkondo huo, hupepesa na kuungua. Mwombe fundi auhamishie waya wa taa kwenye upande wa betri, kwa swichi na fyuzi, au ununue taa iliyotengenezwa kwa mikondo yote miwili. Ukumbuke tu kwamba taa ikihamishwa hivyo, betri imepata mlaji mpya, na hesabu ifanywe upya.

Taa za ziada zisiunganishwe kwa kukwaruza waya wa taa ya nyuma na kuuzungushia gundi ya karatasi, kama tunavyoona kila siku. Zitolewe waya wake kutoka kwenye betri, zipitie fyuzi iliyo karibu kabisa na ncha chanya, kisha relei, na swichi iamuru relei hiyo. Na fyuzi ikikatika, iwekwe nyingine ya ampia zile zile. Wako wanaoziba pengo kwa karatasi ya fedha itokayo katika pakiti ya sigara. Siku waya utakapochubuka chini ya tangi, karatasi hiyo haitakatika, na utakaoungua ni waya, ukiwa umelala karibu na petroli.

Kisha, kifaa kimoja ambacho tungekipendekeza kwa kila mwenye pikipiki ni saa ndogo ya volti ifungwayo kwenye usukani. Iunganishwe baada ya swichi ya ufunguo, isije ikainyonya betri usiku. Mwendeshaji akizoea kuitupia jicho, ataijua pikipiki yake kama mama amjuavyo mtoto mwenye homa. Kabla ya kuwasha isome 12.5 au zaidi. Njiani ikae kati ya 13.5 na 14.5, na taa zote zikiwashwa kwenye mwendo wa kati isianguke chini ya 13. Ikianza kuanguka, zima taa za pembeni na mengineyo kabla hujabaki gizani katikati ya msitu.

Kwa askari waendeshao pikipiki za kazi zenye simu ya upepo, king'ora na taa za kumeta, tahadhari ni hiyo hiyo kwa uzito zaidi. Simu ya upepo ikisikiliza hula kidogo, lakini ikitangaza hula mara nyingi zaidi. Kusimama kizuizini nusu saa, injini imezimwa, taa zikimeta na simu ikitumika, ndiko kunakomfanya askari asukume pikipiki mbele ya wananchi. Injini iwashwe mara kwa mara, au taa za kumeta zipunguzwe hadi ile moja inayohitajika.

Tuwageukie sasa jamaa wanaobaki nyumbani. Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakienda Somalia kulinda amani, na wengi huacha pikipiki uani kwa miezi mingi. Betri iliyoachwa hupoteza chaji yake yenyewe kidogo kidogo, na katika joto la Gulu hupoteza upesi kuliko katika baridi ya Kabale. Ikiwa kuna king'ora cha wezi au kifaa cha kufuatilia pikipiki, hali ni mbaya zaidi: kifaa kinachokula sehemu moja ya kumi ya ampia huimaliza betri ya ampia 5 kwa saa 50, siku mbili tu na ushei. Matokeo yake tunayajua. Mnunuzi hupita, hubonyeza starta, haisikiki, naye huiita mbovu, na mama aliyeachiwa pikipiki huiuza kwa nusu ya bei ilhali haina kasoro.

Bibi yeyote anaweza kuliepusha hilo. Baada ya mwenye pikipiki kusafiri, waya wa hasi ufunguliwe. Mara moja kila mwezi betri ipimwe, na ikifika 12.4 ipelekwe kuchajiwa. Mchajishaji aambiwe atumie mkondo mdogo, sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri: betri ya ampia 5, nusu ampia, kwa saa zipatazo kumi ikiwa imekwisha kabisa. Kuitia katika chaja ya betri za lori ili imalizike upesi ni kuipinda bamba. Betri yenye vizibo iangaliwe maji yake, yawe kati ya alama mbili za ubavuni, na inayopungukiwa iongezwe maji yaliyokenekwa peke yake. Usikubali mtu aongeze asidi. Maji ndiyo yaliyopotea, asidi ingalimo. Wenye betri za lithiamu, ambazo zimeanza kuingia, wajue kwamba vipimo vyake ni vingine: hutulia kwenye volti 13.2 au 13.3 zikiwa zimejaa, na huhitaji chaja yake maalumu.

Betri isichajiwe katika chumba cha kulala wala karibu na sigiri. Inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Asidi nayo isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi wala haulizi. Ikimrukia mtu ngozini au jichoni, asipakwe mafuta. Amwagiwe maji safi mengi kwa robo saa nzima bila ya kukoma, ndipo apelekwe hospitali.

Limebaki lile la betri iliyokufa kweli. Katika kambi nyingi huachwa nyuma ya nyumba, na wengine huivunja na kuyeyusha risasi yake ili kupata vizito vya nyavu. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi iliyotokana na betri kuukuu zilizovunjwa mtaani mwao. Hapa jirani, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi maradhi; mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Vumbi lake hushika mikono ya watoto wachezao chini, na hudhuru ubongo bila ya dalili za kuonekana upesi.

Betri kuukuu iwekwe wima katika beseni la plastiki, mahali wasipofika watoto, na siku ya kununua mpya ipelekwe dukani. Wauzaji wengi huipokea na kupunguza kitu katika bei. Muulize kabla hujatoa fedha.